Hesabu ya Vichwa na Hesabu ya Nasaba

Kwa miongo mingi uhifadhi wa wanyamapori katika Afrika Mashariki umeegemea hesabu ya vichwa: ndege ndogo huruka juu ya mbuga kwa mistari iliyopangwa, waangalizi huhesabu tembo na nyati wanaowaona, takwimu hupelekwa wizarani, idadi ikipanda hifadhi huhesabiwa kuwa salama, na ikishuka doria huongezwa. Hesabu hiyo ina thamani kubwa, kwa maana ndiyo iliyofichua kwamba tembo wa Tanzania walipungua kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Hata hivyo haiwezi kueleza meno ya ndovu yaliyokamatwa bandarini yalitoka katika pori gani, wala kama simba wanaoonekana wenye afya tele wote ni wa ukoo mmoja, wala kama twiga wanaoishi pande mbili za bonde moja wamewahi kuzaliana wao kwa wao. Maswali hayo ni ya nasaba, na majibu yake yamo ndani ya mwili wa kila mnyama, yakisubiri mtu mwenye ujuzi na vifaa vya kuyasoma.

Kila seli ya mwili hubeba vinasaba, yaani uzi mrefu mno wa kikemia uliojengwa kwa aina nne za vijenzi, ambavyo mpangilio wake huamua umbo, rangi, kinga dhidi ya maradhi na sifa nyingine nyingi ambazo mzazi humrithisha mwana. Sehemu kubwa ya vinasaba imo katika kiini cha seli, nusu ikitoka kwa baba na nusu kwa mama. Sehemu ndogo imo nje ya kiini, katika mitokondria, ambazo ni viungo vidogo vinavyoipatia seli nguvu, na hiyo hurithiwa kwa mama peke yake, hivyo mtafiti anayesoma mitokondria za simba dume husoma ukoo wa mama yake, wa bibi yake na wa mama wa bibi yake. Katika vinasaba vya kiini kuna mahali ambapo kipande kifupi hujirudia mara kadhaa, na idadi ya marudio hayo hutofautiana baina ya mnyama mmoja na mwingine. Akisomwa mahali kumi au zaidi pa namna hiyo, mnyama hupata alama yake mwenyewe ambayo kwa kawaida haifanani na ya mwingine, na kwa kuwa kila tarakimu katika alama hiyo imetoka ama kwa baba ama kwa mama, alama hiyo huwataja pia wazazi wake, watoto wake na ndugu zake.

Zamani sampuli ilipatikana kwa kumpiga mnyama risasi ya usingizi na kumtoa damu, kazi ya gharama na ya hatari kwa pande zote mbili, lakini siku hizi mara nyingi kinyesi kinatosha. Chakula kinapopita utumboni hukwangua seli za ukuta wa utumbo, na seli hizo hubaki katika utando mwembamba unaolifunika bonge la kinyesi kwa nje. Mkusanyaji huparua utando huo kwa kijiti, huutia katika kichupa chenye kimiminika cha kuhifadhia, huandika tarehe na mahali kwa kipimo cha satelaiti, kisha huendelea na njia yake bila mnyama kujua kwamba amepimwa. Maabarani vinasaba vichache vilivyosalimika huzidishwa kwa mmenyuko unaonakili kipande kilekile mara mamilioni mpaka kiweze kusomeka. Sampuli iliyonyeshewa mvua au iliyochomwa na jua kwa siku nyingi huharibika, na ndiyo maana kazi hii yote hutegemea kwanza macho ya mtu wa porini anayeweza kutambua kinyesi cha asubuhi na cha juzi.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa faida ya njia hii unatoka katika milima inayogawanywa na mipaka ya Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanakoishi gorila wa milimani. Kila jioni gorila aliyekwisha kuacha kulala na mama yake hukunja majani na matawi akajitengenezea kiota, na kila asubuhi huacha kinyesi ndani yake au pembeni, hivyo tangu zamani wahesabuji walihesabu viota na kupima ukubwa wa kinyesi ili kukisia umri. Katika sensa ya msitu wa Bwindi, Uganda, ya mwaka 2006, hesabu ya viota ilitoa gorila 336, lakini vinasaba vya kinyesi kilekile viliposomwa walionekana kuwa 302, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wametengeneza zaidi ya kiota kimoja kwa usiku mmoja na hivyo wakahesabiwa zaidi ya mara moja. Tofauti ya gorila 34 katika kundi dogo namna hiyo si jambo la kupuuzwa, kwani inatosha kumfanya mhifadhi aamini kwamba hali inaendelea vizuri wakati ukweli ni mwingine.

Tangu hapo sensa hizo zimefanywa kwa kusoma vinasaba. Katika milima ya Virunga, ambako mwaka 2010 walihesabiwa gorila 480, timu za nchi tatu zilipita msitu mzima mara mbili kati ya 2015 na 2016, na ulinganisho wa alama za mizunguko hiyo miwili ukaonyesha ni gorila gani waliopatikana mara ya kwanza wakakosekana mara ya pili, na kinyume chake, hata idadi ikafikia 604. Sensa ya Bwindi na eneo la Sarambwe linalopakana nalo upande wa Kongo, iliyofanywa mwaka 2018, ilipata 459, jumla ya gorila wote wa milimani duniani ikawa 1,063. Mwaka huohuo 2018 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia lilimtoa gorila huyo katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka na kumweka daraja moja chini. Furaha hiyo ilistahili, ingawa uchunguzi wa jenomu, maana yake vinasaba vyote vya mnyama kwa ukamilifu wake, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuwa umeonyesha kwamba katika takriban theluthi moja ya vinasaba vya gorila wa milimani nakala ya baba na ya mama hazitofautiani kabisa, dalili kwamba wazazi wao wamekuwa ndugu wa karibu kwa vizazi vingi mno. Wanyama hao wameongezeka kwa idadi bila kuongezeka kwa utofauti, na maradhi mapya yakiingia msituni, mengi yakiwa yale yanayobebwa na binadamu wenyewe, huenda yakakuta kinga za karibu wote zinafanana.

Pengo hilo baina ya idadi na nasaba halikuonekana popote kwa uwazi kama katika kreta ya Ngorongoro. Kreta hiyo, yenye sakafu ya takriban kilomita za mraba 250 iliyozungukwa na ukingo mrefu, ina chakula cha kutosha simba mwaka mzima, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwamo simba kadiri ya sitini au zaidi. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi zisizo za kawaida, nzi wanaouma wa jamii iitwayo Stomoxys waliongezeka kupita kiasi, wakawashambulia simba mpaka ngozi zao zikajaa vidonda, wakakonda, wakashindwa kuwinda, wengine wakapanda miti au kujificha katika mashimo ya fisi ili kuwakimbia. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi wa Ngorongoro wakati huo, aliandika habari za maafa hayo, ambayo yaliacha hai majike tisa na dume mmoja. Katika miaka miwili au mitatu iliyofuata madume saba waliingia kutoka nje, na kutokana na kundi hilo dogo simba walizaana wakaongezeka tena, ikafika wakati wakawa zaidi ya mia moja, na mtu aliyekuja kuwatazama kutoka dirisha la gari hakuwa na sababu yoyote ya kushuku kwamba kuna kasoro.

Kasoro ilijulikana miaka ya 1980, wakati timu ya watafiti akina Stephen O'Brien, Craig Packer na David Wildt ilipolinganisha simba wa kreta na wa Serengeti, ambako simba ni wengi na huchanganyika kwa uhuru, pamoja na simba wa Gir, India, waliotokana na mabaki machache zaidi. Damu ya simba wa kreta ilikuwa na utofauti mdogo kuliko ya jirani zao wa Serengeti, na katika manii ya madume tofauti ilionekana kwa hadubini: mbegu zenye maumbo mabovu zilikuwa kama robo kwa simba wa Serengeti, kama nusu kwa wale wa kreta, na kama theluthi mbili kwa wale wa Gir. Uchambuzi wa koo uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba simba wote wa kreta walitokana na wazazi takriban 15, na kwamba tangu wale madume saba hakuna mgeni aliyefanikiwa kuingia na kuzaa, kwa sababu ndani ya kreta madume walikuwa wengi na wenye nguvu, na mgeni aliyejaribu kushuka alifukuzwa.

Hapa inafaa kutahadharisha, maana ni rahisi kuubebesha udugu wa damu lawama ya kila kinachotokea. Bernard Kissui, mtafiti wa Kitanzania, pamoja na Packer, walichambua mwenendo wa simba wa kreta kwa miaka arobaini, wakahitimisha mwaka 2004 kwamba kilichowapunguza mara kwa mara ni milipuko ya maradhi, wala chakula hakikuwa kimepungua. Virusi vya ugonjwa wa mbwa viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994, ambao kwa vinasaba walikuwa matajiri, kwa hiyo utofauti haukuwa kinga kamili. Tofauti ilitokea baadaye: Serengeti kundi kubwa lilijijaza upya kwa haraka, ilhali kreta ilibaki chini kwa muda mrefu. Vinasaba kwa hiyo vinamwambia mhifadhi ni kundi gani ambalo likianguka halitainuka upesi, na hiyo ni habari ya kutosha kupangia bajeti, kwani dawa ya kundi hilo inajulikana: ni kumfungulia mgeni njia. Kati ya Serengeti na kreta kuna ardhi ya wafugaji wa Kimaasai, ambako simba apitaye hukutana na ng'ombe, na asipovumiliwa hapo hafiki kreta. Shirika la KopeLion, linalofanya kazi katika eneo hilo, limewaajiri vijana wa Kimaasai wanaowafuatilia simba, wanaowaonya wachungaji na kusaidia kutafuta mifugo iliyopotea. Kwa mtazamo wa nasaba, kijana huyo mwenye redio na fimbo anafanya kazi ambayo hakuna maabara inayoweza kuifanya badala yake.

Mahali ambapo njia imezibwa kabisa, mgeni hupelekwa kwa gari au kwa ndege. Katika Florida, Marekani, puma waliosalia mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa kama ishirini au thelathini, wengi wakiwa na mikia iliyopinda, korodani zisizoshuka na mioyo yenye matundu. Mwaka 1995 waliletwa majike wanane kutoka Texas, na baada ya miaka kadhaa idadi ikaongezeka mara tatu, utofauti wa vinasaba ukawa maradufu, na kasoro zile zikapungua kwa watoto. Rwanda ilijifunza somo hilo mapema: baada ya kurejesha simba saba katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera mwaka 2015, haikungoja dalili za udugu zijitokeze, bali iliongeza madume wawili mwaka 2017 makusudi ili kupanua ukoo. Vifaru weusi wa Akagera nao waliteuliwa kwa namna hiyo, kwani mwaka 2017 walitoka 18 Afrika Kusini, na mwaka 2019 wakaja watano waliozaliwa katika bustani za wanyama za Ulaya, ambako kila kifaru huwa ameandikwa katika daftari la nasaba linaloonyesha baba, mama na babu zake.

Kuhamisha wanyama bila kujua nasaba yao, hata hivyo, kunaweza kuchanganya kile ambacho maumbile yalikitenganisha kwa muda mrefu, na twiga ndio wanaothibitisha jambo hilo. Kwa zaidi ya karne moja vitabu viliwataja twiga wote kuwa spishi moja, yaani aina moja ya kiumbe ambayo wanajamii wake huzaliana kwa kawaida. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba vya twiga kutoka sehemu nyingi za Afrika ulidai kwamba ni spishi nne zilizotengana kwa muda mrefu sana, na baada ya mjadala wa karibu miaka kumi Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia liliukubali mgawanyo huo mwaka 2025. Kwa Kenya maana yake ni nzito, kwa sababu twiga wa kaskazini mwa nchi mwenye madoa yaliyopangika kama wavu, twiga wa Kimaasai wa kusini na yule wa magharibi, aliye tawi la spishi nyingine iitwayo twiga wa kaskazini, hawawezi tena kujumlishwa katika takwimu moja ya taifa ambayo ongezeko la mmoja linafunika upungufu wa mwingine.

Ndani ya twiga wa Kimaasai wenyewe kulikuwa na habari nyingine. Watafiti wakiongozwa na Mtanzania George Lohay walisoma vinasaba vya twiga wa pande mbili za Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, Serengeti na Ngorongoro upande mmoja, Tarangire na Manyara upande wa pili, umbali ambao kwa macho si mkubwa. Katika matokeo yao ya mwaka 2023, mitokondria, ambazo kama ilivyoelezwa hufuata ukoo wa mama, zilionyesha kwamba hakuna jike aliyevuka kuta za bonde na kuacha uzao kwa zaidi ya miaka 250,000, wakati vinasaba vya kiini vilionyesha kwamba hata madume, ambao hutembea mbali zaidi, hawajavuka kwa zaidi ya miaka elfu moja. Twiga ni mnyama mzito mwenye miguu mirefu, asiyeweza kupanda mteremko mkali unaoweza kupandwa na tembo, na pale penye mteremko wa afadhali leo pana vijiji na mashamba. Kundi lililodhaniwa kuwa moja kubwa ni mawili yaliyo madogo zaidi, na kila moja lahitaji shoroba zake, yaani njia wazi ambazo wanyama huzitumia kutoka hifadhi moja kwenda nyingine, kama ile ya Kwakuchinja iliyo kati ya Tarangire na Manyara, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikibanwa na kilimo na makazi.

Kazi ya vinasaba iliyowagusa wahalifu moja kwa moja ni ile ya meno ya ndovu. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, pamoja na wenzake, walitumia miaka mingi kukusanya sampuli za kinyesi na za tishu za tembo kutoka mapori ya Afrika yote wakachora ramani ya vinasaba, kwa msingi kwamba tembo wanaoishi karibu hufanana zaidi kuliko wanaoishi mbali. Kisha wakatatua tatizo la jino lenyewe, ambalo ni gumu na lina vinasaba vichache: kipande kidogo hukatwa, hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika ili kikisagwa joto la msuguano lisiviharibu vinasaba, unga wake huondolewa madini, na kilichobaki husomwa na kulinganishwa na ramani, hata mahali alipoishi tembo huyo pakakadiriwa ndani ya takriban kilomita 300. Shehena ya tani sita na nusu iliyokamatwa Singapore mwaka 2002 ilidhaniwa kuwa imekusanywa huku na kule, lakini vinasaba vilionyesha kwamba tembo karibu wote walitoka katika ukanda mmoja wenye Zambia katikati yake.

Matokeo yaliyoigusa Afrika Mashariki kwa uchungu yalitolewa mwaka 2015, baada ya kusoma shehena kubwa 28 zilizokamatwa kati ya 1996 na 2014. Ilibainika kwamba tangu mwaka 2006 zaidi ya asilimia 85 ya meno ya tembo wa savana katika shehena hizo yalitoka Afrika Mashariki, hasa kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, yaani Selous na Niassa, na kwamba kuanzia mwaka 2011 uwindaji ulikuwa ukisogea kuelekea Ruaha na Rungwa. Meno ya tembo wa misituni nayo, kwa kiwango hichohicho, yalitoka katika eneo moja la mpaka wa Kamerun, Gabon na Jamhuri ya Kongo pamoja na pori la jirani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Majangili kwa hiyo hawakuwa wakiokota mnyama mmoja mmoja bara zima; walikuwa wakirudi palepale mwaka baada ya mwaka, jambo ambalo lisingewezekana bila watu wa kuwapa silaha, magari na ulinzi, na lililowawezesha wakuu wa vikosi kujua ni wapi askari wao wapelekwe.

Watafiti hao walikwenda mbali zaidi. Kila tembo mwenye meno anayo mawili, lakini katika shehena nyingi zaidi ya nusu ya meno yaliyopimwa yalikosa mwenzake, na baadhi ya wenzake walipatikana katika shehena nyingine iliyokamatwa nchi nyingine. Kila mara jozi ya namna hiyo ilipopatikana, shehena zote mbili zilikuwa zimepita bandari moja na kwa tarehe zilizokaribiana, hivyo mwaka 2018 ikawezekana kutaja mitandao mitatu mikubwa ya usafirishaji, ule wa Mombasa, wa Entebbe na wa Lomé nchini Togo. Mwaka 2022 ulinganisho ulipanuliwa kutoka jozi za tembo mmoja hadi jamaa wa karibu, mzazi na mwana au ndugu wa damu, katika meno 4,320 kutoka shehena 49, na mitandao hiyo ikaonekana kuunganishwa na mamia ya nyuzi za udugu: mama aliuawa mwaka mmoja, binti yake miaka kadhaa baadaye katika pori lilelile, na meno yao yakapita mikononi mwa wafanyabiashara walewale. Mtu aliyekamatwa na kontena moja aliweza zamani kudai kwamba hilo ndilo kosa lake pekee. Udugu wa tembo unaonyesha makontena mengine ambayo mkono uleule uliyafunga. Kwa kipimo cha haki, hili pengine ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyofanywa na elimu hii, kwa sababu kwa muda mrefu aliyejaza magereza alikuwa kijana wa kijijini aliyefyatua risasi kwa malipo madogo, ilhali msafirishaji hakuguswa.

Mahakamani vinasaba vinatumika pia katika mambo madogo yanayotokea kila siku. Mtu akikutwa na kimoro, yaani nyamapori iliyokatwa vipande na kukaushwa, anaweza kusema ni ya ng'ombe au mbuzi, na bila ngozi wala kichwa hata daktari wa mifugo hawezi kuapa kwamba sivyo. Kipande kifupi cha vinasaba vya mitokondria kinatosha kuitofautisha nyama ya nyumbu na ya mbuzi, na Shirika la Wanyamapori la Kenya lilizindua maabara yake ya uchunguzi wa kijinai na wa jenetiki jijini Nairobi mwaka 2015 kwa kazi za aina hiyo. Ushahidi huo una nguvu pale tu ambapo mnyororo wake haujakatika: nani aliichukua sampuli, aliifunga vipi, ilikaa wapi, nani aliipokea, kila hatua ikiwa na sahihi. Kesi yaweza kuanguka kwa bahasha isiyo na tarehe hata kama maabara haikukosea herufi moja, na mafunzo ya askari wa doria kuhusu kufunga na kuandika sampuli yanastahili fedha sawasawa na mashine.

Habari inayovuta kamera nyingi ni ya faru weupe wa kaskazini walioko Ol Pejeta, Kenya. Faru huyo aliishi Garamba, kaskazini mashariki mwa Kongo, mpaka ujangili na vita vikammaliza. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018, na waliobaki ni Najin na binti yake Fatu, ambao hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Tangu mwaka 2019 timu inayoongozwa na Thomas Hildebrandt wa taasisi ya Leibniz, Berlin, pamoja na wenzake wa Kenya, Italia na Ucheki, imekuwa ikivuna mayai na kuyarutubisha kwa manii yaliyogandishwa ya madume waliokwisha kufa, na mwezi Januari 2024 ilitangaza kwamba kiinitete cha faru mweupe wa kusini kilichopandikizwa tumboni mwa faru mwingine kilishika na kuwa mimba, hatua iliyothibitisha kwamba njia yenyewe inawezekana. Kazi hiyo ni ya heshima, na wanaoifanya wanastahili shukrani. Pamoja na hayo, hata ndama akizaliwa, ukoo wake utakuwa umetokana na wazazi wachache mno, Garamba itakuwa bado inahitaji amani, na gharama iliyotumika kwa majike wawili ingetosha kusoma nasaba za makundi mengi ambayo bado yana wanyama wa kutosha kuokolewa kwa njia nyepesi. Faru weusi, ambao wangali hai kwa maelfu, tayari wamepoteza asilimia 69 ya utofauti wa mitokondria walizokuwa nazo zamani, kama ulinganisho wa wanyama wa leo na mabaki yaliyomo katika makumbusho ulivyoonyesha mwaka 2017.

Sehemu kubwa ya kusoma kulikotajwa hapa ilifanyika Leipzig, Seattle na kwingineko nje ya Afrika, na sampuli zilisafiri kwa vibali viwili vitatu, zikikaa miezi kabla ya kuondoka na miezi kabla ya jibu kurudi. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inazipa nchi haki ya kukubaliana mapema jinsi rasilimali zao za kijenetiki zitakavyotumiwa na faida zitakavyogawanywa, lakini haki hiyo ina uzito mdogo kwa nchi isiyoweza kuzisoma yenyewe. Siku hizi vipo vifaa vya kusoma vinasaba vinavyoingia mfukoni na kuunganishwa na kompyuta ya kawaida, na wapo vijana wa Kitanzania, Kikenya, Kiganda na Kikongo waliosomea kazi hii mpaka shahada ya uzamivu. Kinachokosekana mara nyingi ni vitendanishi vinavyoagizwa kwa fedha za kigeni, jokofu lisilozimika umeme unapokatika, na nafasi ya ajira ya kudumu katika taasisi ya umma, ambayo humfanya mtaalamu asiwe mtu wa mradi unaokwisha baada ya miaka mitatu. Hifadhi inayopanga kuwahamisha tembo msimu ujao, au halmashauri inayotakiwa kuamua kabla ya msimu wa kilimo kama kipande cha ushoroba kigawiwe kwa wakulima, haiwezi kungoja jibu la mwaka kesho kutwa.